Nyoka wa Balo la Blanketi

Nyumbani kwetu hakuna aliyekunywa kitu kabla mama hajaonja. Desturi hiyo si yake peke yake. Butembo ndivyo tulivyo: anayemimina ndiye anayeonja kwanza, mgeni anatazama koo lake likipanda na kushuka, ndipo anapokea kikombe. Watu wa mbali hudhani ni adabu. Sisi tunajua ni ushahidi. Mama aliifanya kazi hiyo bila kuchoka. Alionja chai, alionja kasiksi, pombe yetu ya ndizi, alionja hata maji ya bomba aliyomchotea mgeni aliyesimama pale pale akimwona anavyochota. Hata mimi, bintiye wa kumzaa, alinionjea uji kila asubuhi kabla ya kunipa. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama yangu ana kiu isiyokwisha.

Alikuwa mjane, na mjane anayefanikiwa ana deni la kueleza. Baba alikufa kwa ugonjwa wa ini, taratibu, mbele ya macho ya ukoo mzima, lakini mama alipofungua tena duka na biashara ikashika, maneno yakaanza. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Walisema amemla mume wake ili apate bahati. Baba mdogo, mdogo wake marehemu, hakuyasema maneno hayo yeye mwenyewe. Aliyaleta nyumbani kama vile mtu anavyoleta barua ya jirani: "Shemeji, batu banasema." Kisha aliketi, akatazama ukuta wa duka, akatazama depo, ghala la mizigo lililo nyuma yake, akatazama vyumba vya kupangisha, na mimi nilijua anapima parseli, kiwanja chetu chote, kwa macho. Palikuwa mahali pazuri, ukitoka sokoni tu uko mlangoni.

Nasema nilijua. Mimi ni mtu wa kushuku, nimelelewa hivyo, na sijutii. Ile miaka waasi walikuwa wameushika mji, wapiganaji wengine walikuwa milimani, na hakuna aliyemwamini mwenzake. Ukimsalimu mwanajeshi, wewe ni mpelelezi wake. Usipomsalimu, wewe ni wa milimani. Ukipata mali, basi una nyoka chini ya kitanda anayekutapikia dola. Ukifilisika, kuna aliyekula nyota yako. Mtu pekee asiyeshukiwa alikuwa maiti, naye aliulizwa kwanza kaburini nani aliyemuua.

Mama aliuza blanketi. Watu wasioujua mji wetu hucheka wakisikia Wakongo wananunua blanketi, lakini Butembo iko juu, na asubuhi zake zina baridi ya kuuma meno. Mizigo ilitoka Dubai. Wanawake watatu waliungana, mmoja akasafiri kwa niaba ya wote, akajaza kontena, nayo ikaja kwa meli mpaka Mombasa, kisha kwa lori mpaka Kasindi na Beni, mpaka kwetu. Njiani mabalo, yale marobota ya blanketi, yote yalichanganyika, ndiyo maana kila mmoja alikuwa na alama yake. Wenzake walipaka rangi. Mama hakuiamini rangi, kwa sababu kila mwenye brashi anaweza kuiga. Alimpa yule msafiri vipande vya kitenge chake cha zamani, chenye maua ya manjano, na kila balo lake lilishonwa kipande kimoja pembeni kabla ya kufungwa. Hakuna mwingine mjini aliyebaki na kitenge kile. "Hii hakuna mwizi ataniambia ni yake," alisema. Hakujua kwamba alikuwa anajishonea kesi.

Mpakuaji wetu alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye kucha pana na tumbo lisilojua haya. Kabla ya kupakua alidai ale, baada ya kupakua alidai ale. Mke wake alikuwa akitutania kwamba ametuazima mume, tumrudishe akiwa amelishwa. Mama alimpikia uji wa karanga, ule tunaouita buyi, mzito wa kusimamisha kijiko, na kila mara aliuonja kwanza, naye kila mara alingoja aone koo limemeza. Hata kwa njaa yake ile aliweza kungoja. Ilikuwa desturi, hakuna aliyekasirika.

Lori lilifika asubuhi. Mabalo yalishushwa, yakapangwa kwenye saruji ya depo, na yule mpakuaji akakaa juu ya moja kupumua. Balo lilikuwa limechanika pembeni, karibu kabisa na kile kipande cha kitenge. Aliingiza mkono kwenye ule mpasuko ili ajiegemeze. Alipiga kelele moja tu, nzito, kama ya mtu aliyeangukiwa na mzigo, akauchomoa mkono akiushika kwa mkono mwingine. Nilikuwa mlangoni. Kitu cha kwanza nilichofikiri ni sindano ya kushonea.

Kisha nyoka akatoka. Alikuwa mfupi, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, mnene, rangi ya vumbi la barabara ya kiangazi. Juu ya kila jicho alikuwa na kijipembe kidogo. Hakukimbia. Baridi ya saruji ilimshika, akajikunja na kutoa pumzi kwa nguvu, sauti ya tairi la baiskeli linalotoa upepo, hata watu wazima wakarudi nyuma. Mpakuaji mwingine akamponda kichwa kwa chuma cha kufungulia mabalo, lakini hakukiharibu sana, na vile vijipembe vikabaki vimesimama.

Wazee wa mtaa waliitwa. Sisi tunawajua nyoka wetu. Tunamjua yule wa kijani wa kwenye mabonde yenye maji, tunamjua yule mkubwa wa msitu wa upande wa Beni mwenye madoadoa ya majani makavu, na kila mmoja ana jina lake kwa Kinande na dawa yake. Wazee walimgeuza huyu kwa kijiti, wakamgeuza tena. Hakuna aliyekuwa na jina la kumpa. Nikaona mmoja wao anakiangalia kile kipande cha kitenge, kisha anamwangalia mama, kisha anaangalia chini.

Jirani alileta jiwe jeusi. Kila mtaa kwetu una mwenye jiwe hilo: unachanja penye jeraha, unaliweka, nalo linang'ang'ania kama kupe mpaka lishibe sumu, kisha linaanguka lenyewe. Lilipowekwa kwenye mkono wa mpakuaji halikushika. Damu ilikuwa inatoka nyepesi bila kuganda, na kila walipoliweka jiwe liliteleza na kuanguka. Leo najua ile damu ndiyo iliyolitelezesha. Siku ile watu walielewa vingine. Kwetu kuna nyoka wa Mungu na kuna nyoka wa watu. Wa Mungu anakuuma kwa sababu umemkanyaga, na jiwe linamjua. Wa watu ametumwa.

"Jiwe linamukataa," alisema jirani, akalifunga jiwe lake kwenye kitambaa. "Hii si nyoka ya Mungu."

Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja, balo lilikuwa na alama.

Tulimpeleka mpakuaji kituo cha afya. Mtawa muuguzi alisema dawa aliyonayo ni ya nyoka wa kwetu, ila atamchoma hivyo hivyo, Mungu atasaidia. Mkono ulikuwa umevimba mpaka begani, na fizi zake zilianza kutoa damu. Walimjaza pamba mdomoni. Mke wake alikuja akilia, mama akamwendea amkumbatie, naye akarudi hatua moja nyuma. Hatua moja tu. Ilimchoma mama kuliko matusi, niliona.

Baba mdogo alifika nyumbani jioni ile ile kabla jua halijazama, na nyuma yake majirani. Alitaka nyoka achomwe moto uani, majivu yatupwe mtoni, kama inavyofanyika. Mama alikataa.

"Hapana kuchoma," alisema. "Ukichoma huyu, nani atanisemea? Ni shahidi yangu."

Katika vyumba vyetu vya kupangisha aliishi mwalimu wa biolojia, mtu wa Kasai, aliyeletwa na serikali kabla ya vita na kusahauliwa na serikali hiyo hiyo, bila mshahara. Mama alimwita. Mwalimu alivaa miwani, akachuchumaa, akamchunguza nyoka muda mrefu, hata mimi nikaanza kupata tumaini. Akamtia kwenye chupa ya mdomo mpana, akammiminia pombe kali, akaiinua watu wote waone.

"Mais bandugu, hakuna maneno hapa," alisema kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye ameulizwa kitu anachokijua. "Hii ni nyoka ya jangwa. Kule kwa Waarabu, kwa milima ya mawe. Hizi pembe si pembe, ni magamba tu. Hata kule kwenyewe batu hawaionake sana. Donc, ililala ndani ya balo, ikakuja na bintu. Huku kwetu haiko hata moja."

Mama alishusha pumzi. Mimi pia. Tulidhani imekwisha.

"Mumesikia?" akasema baba mdogo taratibu, akiwageukia watu. "Profesa yeye mwenyewe anasema huku haiko. Hata kule kwao haionekanake. Sasa, katika mabalo yote ya kontena, ya bamama batatu, juu ya nini ikachagua balo ya shemeji yangu? Nani aliiita?"

Elimu yote ya mwalimu ilikuwa imempa baba mdogo kuni kavu. Nilitaka kumpiga mtu, sijui yupi kati yao. Wale wenzake mama wawili wa kontena walikuwa wamesimama nyuma ya umati. Mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mabalo yake yeye amekwisha kuyafungua yote na ni safi. Mwingine akasema hata yake. Walikuwa wamekula mezani kwetu Jumapili iliyotangulia.

Habari ya nyoka wa pembe ilifika mpaka kwa waasi, ila kwao ilifika ikiwa imenona. Asubuhi walikuja wanajeshi kwa gari, wakiongozwa na kijana mwenye bereti iliyompwaya. Hakuuliza habari ya aliyeumwa.

"Mama, nyoka ya madolari iko wapi?"

Mama akamwonyesha chupa. Kijana aliitikisa, akaisikiliza sikioni, akaitikisa tena.

"Imekufa?"

"Imekufa."

"Mbele ya kufa ilitapika ngapi?"

Mama alimjibu kwamba kama nyoka angetapika dola, yeye asingekuwa anauza blanketi kwenye baridi. Kijana hakucheka. Aliipakata chupa kama mtoto, akapanda nayo garini, akasema komanda anaitaka. Na kweli, tulisikia baadaye kwamba komanda aliiweka chumbani mwake na kuifunga kwa kufuli. Nadhani ndiye mtu pekee mjini aliyemtumaini yule nyoka. Lakini shahidi wetu alikuwa ameondoka, na mchana ule ule mtaani wakasema: mmeona, ameshamficha.

Tangu hapo duka lilikuwa kimya. Watu walipita upande wa pili wa barabara. Waliokuja waligusa blanketi kwa ncha za vidole, wakaziacha. Tulijua kinachoweza kufuata, kwa sababu upande wa Kirumba kulikuwa na mama mmoja, mjane pia, aliyetuhumiwa kumroga mtoto wa jirani. Sitaandika walichomfanyia. Nyumba yake ilibaki kiwanja, na shemeji zake walipanda humo maharagwe.

Yote yalitegemea mdomo wa mpakuaji. Kwetu mgonjwa aliyepatwa na kitu cha namna ile husubiriwa aseme. Watu hukaa kumzunguka, wanamchunga kila anapogeuza kichwa, kwa sababu inaaminika kwamba mtu aliye kati ya huku na kule anamwona aliyemfunga kwa uchawi. Akitaja jina, limetajwa. Akifa bila kusema, jina hutafutwa, na letu halikuwa la kutafutwa mbali. Mpakuaji alikuwa amelala na pamba mdomoni, amefumba macho, na ukoo wake umejaa kwenye baraza la kituo cha afya.

Baba mdogo alikwenda kila asubuhi na mkate. Mkate wa nini, kwa mtu mwenye pamba mdomoni? Nilimfuata siku moja, nikasimama dirishani. Aliketi kitandani, akainama mpaka midomo yake ikakaribia sikio la mgonjwa, akazungumza muda mrefu, pole pole. Sikusikia neno hata moja. Lakini nimemjua baba mdogo tangu nizaliwe, na hakuwa mtu wa kusali kwa sauti ndogo.

Nilimwambia mama tukimbilie Beni, kwa dada yake. Alikuwa anachambua karanga kwenye ungo, hakuinua kichwa.

"Tukikimbia, tumekubali," alisema. "Mutu haendeke mbali na jina yake."

"Na akikutaja?"

"Ule mutu," akasema mama, "namulisha miaka mingapi?"

Nilikasirika. Niliona anategemea shukrani, na shukrani ni kitu ambacho mama huyo huyo alinifundisha kutokitegemea. Alikaanga zile karanga, akazitwanga, akapika buyi kwenye sufuria kubwa, akaongeza sukari mpaka harufu yake ikajaza ua wote. Sukari ya wakati ule wa vita! Akaifunga sufuria kwa kitambaa, akajitwika, nami nikabeba bakuli na kijiko nikimfuata, huku nikihesabu nani anachungulia kutoka mlango upi.

Baraza la kituo lilijaa. Muuguzi alikuwa amesema usiku umekuwa mzuri, damu inaanza kuganda, amemtoa pamba. Lakini watu walikuwa wamesikia moja tu katika hayo, kwamba pamba imetoka. Walikuwa wanangoja aseme. Baba mdogo alikuwepo karibu na mlango. Vijana wa ukoo wa mpakuaji walikuwa wamekaa kwenye ukuta mfupi wa nje, na chini ya miguu yao niliona mawe ambayo siku iliyotangulia hayakuwepo.

Watu walitupisha bila salamu. Mama aliingia mpaka kitandani, akatua sufuria, akaifungua. Mvuke ukapanda.

Mke wa mpakuaji akasimama mbele yake. "Mama, rudisha chakula yako."

"Naonja," alisema mama. Akachota, akala, akameza. Yule mke akatikisa kichwa. Mama akachota tena, kijiko kilichojaa, akala, akafungua mdomo kuonyesha kwamba umebaki mtupu. Watu walitazama koo lake. Hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe: ushahidi ule haukutosha. Aliyemtuma nyoka hawezi kudhuriwa na sumu yake mwenyewe, mtu mmoja alinong'ona, na wengine wakaitikia. Mama alikuwa anakula mbele ya watu kama mwehu, akionja na kuonja, na kila kijiko kilimtia hatiani zaidi.

Ndipo kitanda kikalia. Mpakuaji alikuwa amefumbua macho. Aliinua kichwa kidogo, na wale vijana wa ukutani wakasimama. Baba mdogo akasogea mbele. Midomo ya mgonjwa ilikuwa imepasuka, na ulimi wake mzito.

"Mama," alisema.

Ndilo lilikuwa jina, nilidhani. Ameshataja.

Mama alikuwa amekwisha kuchota kijiko kingine, anakipeleka mdomoni kwake kuonja.

"Hapana kuonja," akasema mpakuaji. "Leta vile iko."

Mke wake alimshika bega, akamwambia kitu kwa Kinande. Hakumsikiliza. Mama akapeleka kijiko kile, ambacho hakijaonjwa, mpaka kwenye midomo yake, naye akakipokea. Akala cha pili, cha tatu, akauma kijiko. Uji ukamtiririka kidevuni. Alikula bakuli, akaonyesha sufuria. Wote tulisimama tukimtazama mtu akila, hakuna aliyesogea, mpaka alipofika chini ya sufuria na kijiko kikaanza kukwaruza. Kisha akajilaza, akasema "Wasingya," asante kwa lugha yetu, akalala.

Hakufa. Mchana ukapita, akaamka, akaomba tena. Wale vijana waliondoka mmoja mmoja, na mawe yao yakabaki hapo ukutani hayana mwenyewe. Baba mdogo aliaga kwa heshima zote, akamwambia mama, "Shemeji, tunashukuru Mungu." Mkate wake aliuacha kitandani, haukuliwa.

Kwa miaka mingi niliishi na ile asubuhi. Nilikuwa na mashaka juu ya kila mtu, mapadri, wanajeshi, wapangaji, hata mume wangu nilimchunguza mwaka mzima kabla ya kumkubali. Lakini niliweka kando mtu mmoja. Katika mji ambao ndugu hakunywa kwa ndugu, mtu aliyekuwa kwenye mlango wa kifo alikuwa amemwambia mama yangu: usionje, ninakuamini. Nilimsimulia mume wangu, nikawasimulia watoto. Mama aliposikia ninasimulia hakunikatiza, ila alisema kila mara maneno yale yale: "Buyi ilikuwa ya kalanga." Nilidhani anajisifu kwa upishi.

Vita vilipogeuka tena tulihamia Beni, tukapata nyumba mtaa wa Beu. Mwalimu wa Kasai alikuwa ametangulia huko, anafundisha sekondari moja, na aliponiona sokoni alinieleza tena habari za yule nyoka wake wa mawe: mvivu, hafuati mtu, anatembea usiku, na huuma tu akikaliwa. Katika kisa kizima cha Butembo, nilifikiri, nyoka yule peke yake hakuwa na mpango wowote. Alikuwa amelala tu ndani ya blanketi.

Kisha, siku moja mchana, mpakuaji alikuja kututembelea. Alikuwa amezeeka, amenenepa, mkono ule wa kuumwa umebaki mwembamba kidogo. Alitokea kwa binti yake aliyeolewa kule komini ya Ruwenzori, mtaa mwingine wa mji ule ule, ambako walikuwa wamemchinjia kuku. Alicheka, akapiga tumbo lake, akasema ameshiba mpaka hawezi kufunga mkanda. Mama alifurahi kweli. Hakutaka kusikia habari za kushiba, akaenda jikoni, akarudi na buyi ya karanga kwenye kikombe, na harufu ile ikanirudisha kwenye baraza la kituo cha afya, nikakaa vizuri nitazame.

Mama hakuonja. Alimnyooshea kikombe moja kwa moja.

Mpakuaji hakukipokea. Mikono yake ilikaa juu ya magoti, uso wake umejaa tabasamu na upole ule ule, akamtazama mama kooni. Alikuwa anangoja. Hakuwa na ubaya, nadhani hata hakujua kwamba anangoja. Mkono wa mama ulibaki hewani. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, wanasema, lakini huyu hakushtuka. Alikuwa mgeni aliyeshiba, mwenye nafasi ya kungoja.

Mama akarudisha kikombe kwake, akaonja, akameza, akampa. Mpakuaji akanywa, akausifu.

Nilimfuata mama jikoni. Nikamwambia kwa hasira nitakwenda kumtoa nje sasa hivi, na shibe yake.

"Muache," alisema mama akikoroga sufuria. "Siku ile alikuwa na njaa. Leo ameshiba. Ni mutu tu. Si nilikuambiaka kila siku? Buyi ilikuwa ya kalanga. Nilitia sukari yote ya nyumba."

Niliangalia mgongo wake. Alikuwa amejua tangu siku ile anachambua karanga kwenye ungo. Alikwenda kwenye mawe yale akijua kwamba hakuna anayemwamini, hata mmoja, na kwamba kilichobaki ni kushindana na tumbo la mtu. Na miaka yote hiyo alinisikiliza nikiwasimulia wajukuu wake kwamba aliaminiwa.

Akachota kikombe kingine, kilikuwa changu, na kwa mazoea ya maisha yake yote akakipeleka mdomoni kwake kwanza. Nikamshika mkono. Nikakitoa kabla hakijagusa midomo yake, nikanywa mimi, kwa mkupuo, mbele yake. Uji ulikuwa wa moto sana. Uliniunguza ulimi, machozi yakanitoka, na mama akanigombeza kwamba sina adabu hata kidogo.